Mfuko Mmoja, Barabara Ndefu

Nani kati yetu hajawaona wale vijana wa Kizungu wanaoshuka kwenye mabasi pale Arusha, Mombasa au Kigoma, bwana na bibi, kila mmoja amebeba mgongoni begi linalokipita kichwa chake? Watoto huwakimbilia. Sisi watu wazima hubaki kutazama na kujiuliza: hawa hawana kwao? Nyumba wamemwachia nani? Na yule dada, mama mkwe wake amesemaje?

Maswali hayo si ya umbea. Tena mama mmoja alituandikia swali lililo jirani nayo. Mumewe amepata kazi nchi ya mbali na anataka waondoke wote. Mama huyo yuko tayari kufuatana naye, ila anaogopa, kwa sababu katika miaka yote ya ndoa yao hajapata kuujua mshahara wa mumewe. Tulipokuwa tukitafakari barua yake tulikumbuka safari ya Tony na Maureen Wheeler, na tumeona tuwasimulieni.

Walikutana London mwaka 1970, kwenye benchi la bustani iitwayo Regent's Park. Maureen alikuwa msichana wa Belfast, Ireland ya Kaskazini, aliyefika jijini siku si nyingi kutafuta maisha. Tony alikuwa ameshasomea uhandisi na sasa alikuwa akisomea uongozi wa biashara. Baba yake alikuwa mtumishi wa shirika la ndege, hivyo kijana alikulia nchi hii na ile. Kufunga mizigo na kuhama hakukumpa taabu. Wakafunga ndoa mwaka 1971. Mwaka uliofuata Tony akamaliza masomo na kupata kazi katika kampuni kubwa ya magari, lakini akaomba aianze baada ya mwaka mmoja. Alitaka kwanza yeye na mkewe waione dunia, kisha warudi watulie.

Hapa tunajua wengi wenu mtaguna. Kazi imepatikana, inaachwa ingoje? Na huyo bibi arusi je? Kwetu sisi mwaka wa kwanza wa ndoa wakwe na majirani huliangalia tumbo la bibi arusi, hawaulizi kama amekwisha kuona milima ya Afghanistan. Hatuoni kwamba wakwe wana ubaya kwa hilo, lakini mara nyingi mume na mke huletewa mtoto wa kulea kabla hawajajifunza hata kugombana na kupatana. Wheeler na mkewe waliipata nafasi hiyo barabarani.

Waliondoka katikati ya mwaka 1972 kwa kigari kikuukuu aina ya Mini, kile cha kubebea mizigo, walichokinunua kwa pauni 65. Wakavuka Ulaya, wakaingia Uturuki, wakapita Iran hadi Kabul, mji mkuu wa Afghanistan, na hapo wakakiuza. Baada ya hapo ikawa ni mabasi na treni kama abiria wengine, na kuomba lifti: Pakistan, India, Nepal, kisha Thailand, Malaysia na Indonesia. Kutoka kisiwa cha Bali walipata nafasi katika mashua ya matanga iliyowashusha Exmouth, pwani ya magharibi ya Australia. Wakaendelea kwa lifti kuikata nchi ile kubwa, penye uwanda mkavu wa Nullarbor usio na miti, mpaka wakaingia Sydney tarehe 26 Desemba, siku ya pili ya Krismasi. Walipohesabu fedha zao walikuta senti 27.

Senti 27, watu wawili, mji wasio na ndugu.

Hatukuwapo, lakini mama yeyote aliyewahi kusafiri siku mbili tu kwa basi pamoja na mumewe anaweza kuyajaza mwenyewe mambo ya miezi sita. Tumbo linachafuka, choo hakionekani. Mume anasema tulale hapa ni rahisi, mke ameona kunguni. Mmoja ana njaa, mwingine anataka kuona msikiti wa kale kabla jua halijatua. Nyumbani mtu akinuna huenda jikoni, au huenda kwa jirani kuazima chumvi ambayo wala hana haja nayo. Barabarani jikoni hakuna wala jirani. Mtanuna hapo hapo kwenye kiti kimoja, bega kwa bega, na kituo kinachofuata kiko mbali.

Na fedha je? Ukisafiri kwa fedha kidogo namna ile, huwezi kuwa na mfuko wa baba na kibindo cha mama. Nauli ya kesho, chakula cha leo, dawa, vyote vinatoka mahali pamoja, na mmoja akinunua zulia zuri Kabul bila kumwambia mwenzake, wote wawili watalala na njaa Lahore. Ndiyo sababu zile senti 27 zinatuvutia. Wengi wakiisimulia habari hii huzitaja ili tuustaajabie umaskini wao. Sisi tunaona jambo jingine: mke alizijua, na mume alizijua. Kuna nyumba zetu zenye mashamba na gari ambamo mama hawezi kukutajia hesabu ya mwisho wa mwezi, hata kwa kukisia. Nani maskini hapo?

Lakini tusidanganyane, akina mama. Wale wawili walikuwa na pasipoti ya Uingereza, ambayo hufungua milango mingi. Walikuwa hawana mtoto wa kubeba wala mdogo wa kumlipia ada. Kazi ilikuwa inamngoja bwana kama mambo yangeharibika. Binti yetu akiondoka hivyo na mumewe, pale mpakani ataulizwa mengi ambayo Bibi Maureen hakuulizwa. Na njia ile yenyewe haikuendelea kuwa rahisi. Mwaka 1979 yalitokea mapinduzi Iran, na mwisho wa mwaka huo huo majeshi ya Kisovieti yakaingia Afghanistan. Vijana waliokuwa wakienda kwa barabara kutoka Ulaya hadi India wakakatiwa njia.

Waliyofanya baadaye mengi yanajulikana, kwa hiyo tutayapitia haraka. Walipata kazi Sydney, na kila waliyekutana naye aliwauliza walipitaje na kwa fedha kiasi gani. Wakaamua kuandika majibu. Mwaka 1973 walitoa kijitabu kiitwacho Across Asia on the Cheap, ambacho walikiunganisha kurasa wenyewe kwa mikono kwenye meza ya jikoni. (Meza ya jikoni, tafadhali mwangalie. Biashara nyingi zimezaliwa hapo, na mwenye jikoni hatajwi.) Nakala 1,500 za kwanza ziliisha upesi. Wakaondoka tena kuzunguka Asia ya Kusini Mashariki, na kitabu cha safari hiyo wakakiandikia ndani ya chumba cha hoteli Singapore; kikatoka mwaka 1975. Kampuni yao, Lonely Planet, ikakua, na mwaka 1977 ikatoa kitabu cha bara letu kilichoandikwa na Geoff Crowther. Miaka mingi wageni wale wa mabegi wamezunguka Afrika na vitabu vya namna hiyo mikononi. Mwaka 2007 waliuza sehemu kubwa ya kampuni kwa BBC Worldwide.

Linalotugusa zaidi sisi wenye watoto ni alilofanya Maureen. Walipata binti mwaka 1980 na mvulana mwaka 1983. Watu wengi hudhani safari huisha mtoto akizaliwa. Yeye alisafiri nao, na mwaka 1985 akatoa kitabu chake mwenyewe, Travel with Children, juu ya kusafiri pamoja na watoto. Katikati ya hayo yote alisoma chuo kikuu Melbourne, akasomea ustawi wa jamii. Kitabu kile cha watoto mumewe asingeweza kukiandika, hata angekuwa amezunguka dunia mara tatu.

Sasa mama uliyetuandikia. Hatukwambii usiende, wala hatukwambii nenda. Usimwulize mumeo mbele ya watoto, wala siku aliyochoka. Ngoja jioni tulivu, baada ya chakula, kisha mwambie, "Baba nanihii, naomba tuhesabu." Chukueni karatasi. Aandike mshahara wa kule, kodi ya nyumba, ada ya shule, na kiasi cha kuwapelekea wazazi wa pande zote mbili. Wewe andika ulicho nacho, hata zile za mchezo wa akina mama ambazo hajui. Halafu muulize nauli ya kurudi wewe na watoto itawekwa wapi, na kama wewe utaweza kuitoa bila yeye. Akikujibu, tuandikie tena kabla hamjakata tiketi.