Kamera ya Harusi ya Wanawake: Tusidanganywe na Namba ya Zumu



Mfungo Mosi ukiingia tu, hapa Pujini cherehani haipumziki. Mabiharusi na mama zao wanakuja kupima magauni, shela na sare za ndugu. Lakini mazungumzo ya siku hizi hayaishii kwenye lesi na shanga. Mtu akishapimwa kiuno na mabega, swali linalofuata ni: "Dada, picha tutapigwa na nani, na kwa kamera gani?"

Naulizwa mimi kwa sababu kila nguo ninayoimaliza naipiga picha kabla haijaondoka. Picha hizo ndizo dukani kwangu. Mteja wa Wete au Mkoani anaona nakshi kwa picha kabla hajaishika nguo kwa mkono. Kwa hiyo kamera kwangu ni chombo cha kazi kama mkasi, na mkasi butu haukati hata uwe na mpini wa dhahabu.

Rai yangu ni hii. Kwenye sherehe ya wanawake watupu, simu zote ziwekwe pembeni, na mwanamke mmoja anayeaminika ashike kamera ndogo yenye uwezo wa kuvuta mbali. Na kamera hiyo ichaguliwe kwa usafi wa picha na wepesi wa kulenga. Ile namba kubwa ya zumu iliyoandikwa kwenye boksi isiwe ndiyo hoja.

Najua wapo wenzetu ambao hawapendi picha kabisa, kwa kufuata kauli za wanazuoni wao. Hao nawaheshimu, na sherehe zao zina utulivu wake. Nasema na wale walioamua kupiga. Ukishaamua, fanya kwa stara na fanya kwa ustadi.

Kwa nini si simu?

Simu nzuri ya leo inapiga picha nzuri, tusibishane. Inapiga picha nyingi kwa mpigo, inazichanganya zenyewe, na biharusi aliyetulia kwenye kiti anatoka safi hata taa zikiwa hafifu. Tatizo linaanza ukitaka kumvuta karibu kutoka nyuma ya ukumbi. Simu nyingi hazivuti kwa lenzi. Zinakata kipande cha picha na kukikuza, kama mtu anayekata kiraka kidogo akakivuta kifike kwenye tundu kubwa. Nyuzi zinaachana. Zipo simu zenye lenzi ya kuvuta kweli, ila bei yake wengi wetu tunaijua kwa kuisikia tu.

Tatizo kubwa zaidi ni la stara. Simu nyingi zimewekwa zihifadhi picha kwenye mtandao zenyewe, bila mwenyewe kugusa kitu. Wanawake 100 wenye simu 100 ni milango 100 iliyo wazi, na biharusi ameketi katikati kichwa wazi, mikono na miguu imejaa piko na hina. Suratun-Nur, aya ya 31, imetutajia wale ambao mwanamke anaweza kuonyesha pambo lake mbele yao. Orodha ile inajulikana. Shemeji wa rafiki wa mtu aliyeko kwenye kundi la WhatsApp hayumo.

Sisi watu wa Pujini jambo hili halitushangazi. Kwenye magofu ya Mkama Ndume kipo kisima ambacho wazee hutuhadithia kuwa kilitiwa ukuta katikati ili wake wawili wa mtawala wateke maji bila ya kuonana. Ikiwa ukuta ulijengwa kwa ajili ya ndoo mbili za maji, basi sisi hatushindwi kuweka kikapu mlangoni simu zikakaa humo saa tatu.

Kamera ndogo inahifadhi picha kwenye kadi. Nyingi za sasa zina Wi-Fi, lakini unaizima. Sherehe ikimalizika, kadi inatolewa, anakabidhiwa biharusi au mama yake, na habari inaishia hapo.

Kihisi kwanza, zumu baadaye

Sasa tuingie dukani. Muuzaji atakwambia, "Chukua hii, zumu mara 40!" Usitoe pesa kwanza. Uliza ukubwa wa kihisi, yaani kile kibati kidogo nyuma ya lenzi kinachopokea mwanga na kuugeuza kuwa picha.

Kamera nyingi ndogo zenye zumu kubwa sana zina kihisi cha kama milimita 6 kwa 4.5. Hicho ni kidogo kuliko kifungo cha shati. Zipo nyingine, ndogo vile vile za kutia mkobani, zenye kihisi kinachoitwa cha inchi moja. Jina hilo lisikubabaishe, kipimo chake halisi ni milimita 13.2 kwa 8.8. Ukipiga hesabu ya eneo, cha pili ni kama mara nne ya cha kwanza. Mvua ikinyesha, sinia hukusanya maji kuliko kikombe. Mwanga nao ni hivyo hivyo.

Mchana kwenye uwanja huoni tofauti kubwa. Lakini sherehe zetu za wanawake huwa za usiku, ndani ya ukumbi au chini ya turubai, taa za rangi rangi, na umeme wenyewe tunaujua. Mwanga ukipungua, kamera inalazimika kukuza ule mwanga kidogo ilionao, na hapo picha inaingia chengachenga. Kihisi kidogo kinaingia chengachenga mapema. Uso wa biharusi unatoka kama umepakwa unga, na ile lesi niliyoishona kwa mkono wiki mbili inageuka kuwa bandeji. Hiyo ndiyo inayoniuma mimi fundi.

Na liko jambo ambalo boksi halisemi. Kadiri unavyovuta mbali, mlango wa mwanga kwenye lenzi unazidi kuwa mwembamba. Angalia namba zilizoandikwa kuzunguka lenzi. Canon PowerShot SX740 HS, kamera ya mwaka 2018 yenye zumu mara 40, imeandikwa 3.3 hadi 6.9. Maana yake ni kwamba ukivuta mpaka mwisho, mwanga unaoingia haufiki hata robo ya ule wa mwanzo. Namba ndogo ndiyo nzuri, na namba ya pili ndiyo ya kuitazama zaidi.

Ziweke pamoja kamera nyingine za mwaka huo huo. Sony HX99 inavuta mara 30, kihisi kidogo. Panasonic TZ200, ambayo Marekani inaitwa ZS200, inavuta mara 15 tu, ila kihisi chake ni cha inchi moja. Sony RX100 VI inavuta kama mara 8, kihisi cha inchi moja, na ikivutwa mpaka mwisho namba yake ni 4.5. Kwa ukumbi wa usiku mimi nachukua moja ya hizi mbili za mwisho bila kusita. Anayetaka kupiga ndege na majahazi akiwa ufukweni mchana, basi zile za mara 30 na 40 zitamfaa vizuri sana. Harusi si jahazi. Kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha biharusi ni mita 15 au 20, na mara 8 hadi 15 zinakutosha.

Wala usifikiri kipya ni bora siku zote. Panasonic TZ99 iliyotangazwa 2025 inavuta mara 30, lakini kihisi chake ni kile kile kidogo. Kamera ya zamani yenye kihisi kikubwa, iliyotunzwa, inaweza kukupa picha safi zaidi ya mpya.

Kulenga: hapa ndipo baibui linapoishinda kamera

Kulenga, au fokasi kama vijana wanavyosema, ni kamera kutafuta yenyewe umbali sahihi mpaka picha iwe kali. Kamera nyingi ndogo zinalenga kwa kutafuta tofauti ya weusi na weupe. Lenzi inakwenda mbele na nyuma hadi ione mstari umekuwa mkali, kisha inasimama. Fikiria sasa unailekeza kwenye baibui jeusi lisilo na nakshi, au kwenye gauni jeupe tupu. Mstari haupo! Lenzi inahangaika mbele na nyuma, na biharusi keshapita.

Kamera kama TZ200 zina njia ya kulinganisha picha mbili zenye ukali tofauti na kukadiria umbali, kwa hiyo hazihangaiki sana. RX100 VI na ile iliyoifuata 2019, RX100 VII, zina nukta maalumu juu ya kihisi zinazopima upande gani wa kusogea na kiasi gani. Hizo zinakamata kwa haraka zaidi, hasa watu wakicheza. Bei nayo inapanda kwa kasi hiyo hiyo.

Hata kamera ya kawaida inasaidika ukiijua nguo. Usilenge katikati ya kitambaa. Lenga pale nakshi inapokutana na kitambaa, au kwenye ukingo wa mkono, au kwenye kola yenye shanga. Bonyeza kitufe nusu, subiri kisanduku kiwe kijani, sogeza kamera upate picha unayoitaka, ndipo umalizie kubonyeza.

Shela nalo lina mtego wake. Kamera inapenda kilicho karibu na chenye mistari, kwa hiyo inalenga lesi ya shela na kuuacha uso nyuma ukiwa na ukungu. Ile kazi ya kutambua uso inasaidia, lakini uso ukiwa nyuma ya kitambaa, au dada akiwa na nikabu, mara nyingi haiutambui. Hapo chagua nukta moja ndogo ya kulenga na uiweke juu ya jicho.

Picha za hina usizipige kwa kuvuta. Kamera hizi zikiwa hazijavutwa zinakubali kusogea sentimita chache tu kutoka kwenye mkono. Ukivuta mpaka mwisho, nyingi zinataka ukae mita moja au zaidi, la sivyo hazilengi kabisa.

Na ile tulizo ya kuzuia mtikisiko inatuliza mkono wako wewe mpigaji. Haimzuii shangazi anayecheza. Ili asitoke kama moshi, weka kasi isipungue sehemu ya 125 ya sekunde, hata kama picha itapata chengachenga kidogo. Chengachenga zinavumilika. Uso uliocheza hautengenezeki.

Jaribu kwa kitambaa chako

Wengi wetu tunaagiza kwa ndugu walioko Muscat au Dubai, au tunanunua Dar es Salaam, mara nyingi iliyotumika. Atakayekununulia mpe kipande cha baibui jeusi na kipande cha lesi nyeupe. Asimame sehemu ya duka isiyo na mwanga mwingi, aitandaze juu ya kiti, avute hadi nusu ya zumu, abonyeze kitufe nusu na kuhesabu. Ikifika "mbili" bado inahangaika, hiyo si ya harusi. Kisha aikuze picha kwenye kioo cha kamera aone kama nyuzi za lesi zinahesabika. Majaribio hayo yanasema kweli kuliko tangazo lolote.

Ikishafika Pemba, ihifadhi na unyevu wa bahari. Vile vipakiti vinavyokuja kwenye viatu na mikoba mipya usivitupe, vitie kwenye mkoba wa kamera. Mchanga ukiingia kwenye lenzi inayotoka na kurudi, umeiaga.

Kamera haina amana, mtu ndiye mwenye amana

Sitaki mtu aondoke na fikra kwamba kifaa ndicho kitakachotustiri. Kadi inaweza kunakiliwa kwa dakika mbili. Kwa hiyo kabla ya kuulizana aina ya kamera, ulizeni nani ataishika. Muandikiane hata kwenye karatasi ya daftari: picha ni za biharusi, kadi anakabidhiwa usiku ule ule, hakuna nakala inayobaki, na hakuna picha inayotumika kutangaza biashara bila ya ruhusa yake. Mimi mwenyewe nguo naipiga ikiwa imevalishwa sanamu. Akiivaa biharusi, si yangu tena.

Na hapa nawaambia wasichana waliomaliza skuli na wanatafuta la kufanya: hii ni kazi. Familia nyingi zinataka picha za upande wa wanawake na hazitaki mwanamme aingie ukumbini. Msichana mwenye kamera moja ndogo ya kihisi kikubwa, anayejua kulenga shela, na mwenye ulimi uliofungwa, hatakosa riziki ya halali kutoka Konde hadi Mkoani. Kina mama, mkichanga pesa za kijaluba cha sherehe, wekeni fungu la binti huyo. Tunalipa mpambaji, tunalipa wa hina, tunalipa ngoma, kisha anayetunza sura zetu maisha yote tunataka apige bure kwa simu yake.

Allah awabariki mabiharusi wetu, awatie mapenzi na huruma baina yao na waume zao, na atustiri sote duniani na akhera. Amin.