Goti la Griffin na mkosi wa kusingiziwa

Zilikuwa zimebaki siku chache tu msimu wa NBA wa 2009-10 ufunguliwe. Los Angeles Clippers walikuwa katika mechi yao ya mwisho ya maandalizi dhidi ya New Orleans Hornets. Blake Griffin, kijana wa miaka 20 kutoka Oklahoma, akapaa na kuutumbukiza mpira kikapuni kwa kishindo, kama alivyozoea. Alipotua, goti lake la kushoto likamuuma. Vipimo vikaonyesha ufa katika pia ya goti, na madaktari wakakadiria kwamba angekaa nje wiki sita hivi.

Clippers wakaufungua msimu bila yeye, wakiwatazama wapinzani wao Lakers, ambao walitumia uwanja mmoja nao, wakivishwa pete za ubingwa kabla ya mechi kuanza. Wiki sita zikapita na mfupa haukuunga. Januari 2010 klabu ikatangaza kwamba Griffin angefanyiwa upasuaji na asingecheza tena msimu ule. Mchezaji aliyechaguliwa wa kwanza kati ya vijana wote wa mwaka wake alimaliza mwaka huo bila kugusa mpira katika mechi hata moja ya ligi.

Mashabiki wa kikapu Marekani hawakuhitaji maelezo marefu. Hawa ni Clippers, walisema, na Clippers wana mkosi. Yalikuwa maneno mepesi, na yamerudiwa kwa miaka mingi kiasi kwamba yamechukuliwa kuwa historia. Lakini ukiyapanga matukio ya timu hiyo moja baada ya jingine, utaona kwamba sehemu kubwa ya kinachoitwa mkosi ilikuwa na wenyewe, watu walioketi mezani na kutia saini. Na sehemu iliyokuwa ajali ya kweli, kama goti la Griffin, ndiyo iliyoonyesha jinsi ajali inavyoweza kukabiliwa.

Ni haki kuanza na ajali zenyewe. Mwaka 1988 Clippers waliteua mchezaji wa kwanza katika drafti, usiku ambao timu hugawana wachezaji wapya. Alikuwa Danny Manning, aliyekuwa ametoka kukipa Chuo Kikuu cha Kansas ubingwa wa vyuo. Alicheza mechi 26. Januari 1989, katika mechi dhidi ya Milwaukee Bucks, kano ya goti lake la kulia ilikatika na mwaka wake wa kwanza ukaishia hapo. Manning alirudi, akachaguliwa mara mbili katika kikosi cha nyota wa ligi, lakini magoti hayakumwacha salama katika miaka yake yote iliyobaki.

Februari 2007 ikawa zamu ya Shaun Livingston. Huyu aliingia NBA moja kwa moja kutoka shule ya sekondari, akiwa wa nne katika drafti ya 2004, mrefu na mwepesi, mwenye macho ya kuona pasi ambayo wengine hawaioni. Katika mechi dhidi ya Charlotte Bobcats alitua vibaya na goti la kushoto likateguka, kano zikakatika kwa mkupuo mmoja. Hospitalini aliambiwa kwamba mguu wenyewe ungeweza kukatwa. Alikuwa na miaka 21. Hakuna kocha wala mkurugenzi anayeweza kulaumiwa kwa mguu kutua vibaya, na mtu yeyote mwenye moyo angeisikitikia timu iliyopatwa na hayo.

Huzuni hiyo, hata hivyo, haipaswi kufunika mengine. Clippers hao hao walipata nafasi ya kwanza katika drafti mara tatu ndani ya miaka 21: 1988, 1998 na 2009. Zipo klabu ambazo hazijawahi kuipata hata mara moja. Mwaka 1998 walimchukua Michael Olowokandi, na katika drafti ile ile walikuwapo Vince Carter, Dirk Nowitzki na Paul Pierce. Olowokandi hakuvunjika goti usiku ule. Alichaguliwa tu, na watu walioajiriwa kwa kazi ya kuchagua.

Hata kisa cha Bill Walton, ambacho hutajwa kwanza kila mkosi wa Clippers unapohesabiwa, kina maelezo yake. Walton alijiunga nao mwaka 1979, klabu ikiwa bado San Diego, baada ya kukosa msimu mzima kwa sababu ya mguu akiwa na Portland Trail Blazers. Kila mtu katika ligi aliijua hali ya miguu hiyo. Clippers waliamua kubahatisha, wakampata kwa mechi 14 tu katika msimu wa kwanza, kisha akakosa misimu miwili mfululizo. Aliyenunua gari huku akijua kwamba injini ina kasoro hawezi kulalamika kwamba barabara ilimwonea.

Kisha kuna suala la mwenye mali. Donald Sterling aliinunua klabu mwaka 1981 na kuimiliki kwa zaidi ya miaka 30, hadi NBA ilipomfungia maisha mwaka 2014 kwa kauli za kibaguzi. Katika miaka hiyo klabu ilipata sifa ya kubana senti hadi pale isipopaswa kubanwa. Kim Hughes, kocha msaidizi aliyekuja kuishika timu kwa muda Februari 2010 wakati Griffin akiuguza goti, amesimulia kwamba alipogundulika kuwa na saratani ya tezi dume mwaka 2004, klabu haikulipia upasuaji aliouhitaji. Waliolipa ni wachezaji wanne wa timu, Corey Maggette akiwa mmoja wao. Klabu inayofika mahali ambapo wachezaji wanachangishana kumtibu kocha wao haiwezi kudai kwamba matatizo yake yote yameshuka kutoka mbinguni.

Kisa cha 2011 kinaonyesha zaidi jinsi uamuzi unavyogeuzwa kuwa bahati. Februari mwaka huo Clippers walitaka kuondokana na mkataba mnono wa Baron Davis. Wakampeleka Cleveland Cavaliers pamoja na haki yao ya kuchagua katika raundi ya kwanza ya drafti iliyokuwa inakuja, bila kuweka sharti lolote la kuilinda. Uwezekano wa haki hiyo kugeuka kuwa nafasi ya kwanza ulikuwa asilimia 2.8 tu. Ikageuka, na Cleveland wakamchukua Kyrie Irving. Magazeti yakaandika tena juu ya nuksi ya Clippers. Asilimia 2.8 ni ndogo kweli, lakini sharti moja la kuilinda haki hiyo lingetosha kuifuta kabisa, na sharti la namna hiyo huwekwa katika mikataba ya NBA kila mwaka.

Goti la Griffin ni habari nyingine, na linastahili kuangaliwa kwa undani. Pia ya goti ni mfupa mdogo unaobeba kazi kubwa. Kila mtu anaporuka na kutua, misuli mikubwa ya paja huuvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Kwa mchezaji wa zaidi ya kilo 110 anayeruka mamia ya mara kwa wiki, mfupa huchoka. Mwili huziba nyufa ndogondogo kila siku mtu anapopumzika. Mapumziko yakipungua, nyufa hukua haraka kuliko zinavyozibwa, hadi siku moja kutua kwa kawaida kunatosha kuleta maumivu. Dawa ya kwanza ya jeraha la aina hii ni muda, na muda ndicho kitu ambacho timu inayofungwa kila wiki huona uchungu mkubwa kukitoa.

Clippers walikuwa wakifungwa kila wiki. Walimaliza msimu na ushindi 29 na vipigo 53. Mike Dunleavy, aliyekuwa kocha na meneja mkuu kwa pamoja, aliacha ukocha Februari na kuondolewa kwenye umeneja Machi. Katika vurugu kama hiyo ingekuwa rahisi kumrudisha kijana uwanjani ili tiketi ziuzwe. Hawakufanya hivyo. Wiki sita ziliposhindwa kuuponya mfupa, walikubali upasuaji na wakaufunga mwaka wake. Kwa klabu iliyosemwa kwa ubahili, walitumia mwaka mzima wa kipaji chao kikubwa kuliko vyote wakimngoja apone. Wanastahili sifa kwa hilo, na sifa hiyo haisikiki mara nyingi.

Matokeo yanajulikana. Griffin alirudi Oktoba 2010, na kwa kuwa hakuwa amecheza hata mechi moja, kanuni za ligi zilimhesabu bado kuwa mchezaji wa mwaka wa kwanza. Alicheza mechi zote 82. Alifunga wastani wa pointi 22.5 na kunyaka ribaundi 12.1 kwa mechi. Makocha walimteua katika kikosi cha nyota, na Februari 2011, mbele ya mashabiki wa Los Angeles, alishinda shindano la kudanki kwa kuruka juu ya boneti ya gari. Wapiga kura wote walimpa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa kwanza, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu David Robinson mwaka 1990. Goti lililomnyima msimu mmoja halikumnyima ule uliofuata.

Si kila kijana hupata mwisho huo. Desemba 2009, Griffin akiwa bado anauguza, Greg Oden wa Portland alivunjika pia ya goti la kushoto, mfupa ule ule. Oden alikuwa wa kwanza katika drafti ya 2007, mbele ya Kevin Durant, na tayari alikuwa amekosa mwaka wake wote wa kwanza kwa upasuaji wa goti la kulia. Alipewa muda na akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja, lakini katika miaka yake yote Portland alicheza mechi 82, idadi ya msimu mmoja. Hapo ndipo neno bahati mbaya linapokaa mahali pake. Uvumilivu hauhakikishi uponyaji. Huweka tu mlango wazi ili uponyaji uingie kama utakuja.

Watanzania wana sababu yao ya kuikumbuka drafti ya 2009. Mara tu jina la Griffin lilipotajwa la kwanza, la pili lilikuwa la Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, aliyechukuliwa na Memphis Grizzlies na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Thabeet hakuvunjika kitu. Alivaa jezi tangu mwanzo wa msimu, lakini ilipofika Februari 2010 Grizzlies walimpeleka Dakota Wizards katika ligi ya chini, na wakati huo hakukuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi chake aliyewahi kushushwa namna hiyo. Alikuwa amejifunza mchezo huu akiwa mkubwa, na alikuwa akilinganishwa kila usiku na James Harden na Stephen Curry, waliochaguliwa baada yake.

Vijana hao wawili waliketi ukumbi mmoja usiku ule. Mmoja alivunjika, akapewa mwaka mzima na timu iliyopanga kila kitu kumzunguka. Mwingine alikuwa mzima, akapewa dakika chache na hukumu ya haraka, kisha akahamishwa kutoka klabu moja hadi nyingine. Huenda Thabeet asingekuwa nyota hata kwa subira ya aina yoyote. Lakini wanaoitaja safari yake kama bahati mbaya wangetenda haki zaidi kama wangeuliza pia alijengewa nini.

Clippers wenyewe walibadilika baada ya goti la Griffin kupona. Desemba 2011 walimpata Chris Paul, na kuanzia 2012 wakaingia hatua ya mtoano miaka sita mfululizo. Mwaka 2013 walimaliza na ushindi 56 na kutwaa ubingwa wa kanda yao ya Pasifiki kwa mara ya kwanza. Majeraha hayakukoma. Katika mtoano wa 2016 Paul na Griffin waliumia katika mechi moja dhidi ya Portland, na timu ikatolewa. Mwaka 2021 Kawhi Leonard aliumia goti dhidi ya Utah Jazz, lakini safari hii waliobaki walishinda mfululizo huo na kuipeleka klabu fainali ya Magharibi kwa mara ya kwanza katika historia yake. Timu iliyojengwa vizuri iliumia kama timu yoyote inavyoumia, kisha ikaendelea.

Oklahoma City Thunder wameonyesha jambo hilo hilo karibuni. Chet Holmgren, wa pili katika drafti ya 2022, aliumia mguu Agosti mwaka huo katika mechi ya kirafiki mjini Seattle, na akakosa msimu wote. Klabu haikuhangaika kutafuta mbadala wala kumharakisha. Msimu uliofuata alicheza mechi zote 82, na Juni 2025 alikuwa katika kikosi kilichotwaa ubingwa. Hakuna aliyeandika kwamba Thunder wana mkosi, kwa sababu kila kitu kingine katika klabu hiyo kilikuwa kimepangwa.

Kila mwaka kijana mwingine ataanguka Oktoba, kabla hajaifungia timu yake pointi ya kwanza, na vichwa vya habari kuhusu laana vitakuwa tayari. Waandishi na mashabiki wana maswali bora ya kuiuliza klabu siku hiyo. Alikuwa amecheza dakika ngapi katika miezi iliyotangulia? Nani anaamua siku ya kurudi kwake, daktari au anayeuza tiketi? Mkataba wake unamlinda kwa muda gani kama mfupa hautaunga kwa wiki sita? Shaun Livingston alipomaliza mkataba wake mwaka 2008, Clippers walimwacha aondoke, na miaka saba baadaye akaanza kukusanya pete tatu za ubingwa na Golden State Warriors, kwa goti lile lile.