MAMA, ACHA KUULIZA "ANA WADUDU WANGAPI?" (Sehemu ya 4)

Mama zangu wa Tabora, leo nakuja na ukali kidogo, mnivumilie.

Kila zamu swali ni lile lile: "Nesi, ana wadudu wangapi?" Mama akiambiwa wawili, anapumua, anambeba mwanae, anataka kuondoka. Jamani! Wadudu wachache kwenye kioo si lazima iwe malaria nyepesi. Wengine wamejificha kwenye mishipa midogo, hadubini haiwaoni.

Na mkoa wetu si wa kuchezea. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulitukuta tunaongoza nchi nzima: karibu watoto wadogo 23 kati ya 100 walikuwa na malaria.

Kinachoua mara nyingi ni vile mwili unavyoitikia. Kinga ni mlinzi, lakini ikipitiliza inamfukuza mwizi huku inachoma nyumba. Watoto 5,425 wenye malaria kali walifuatiliwa katika nchi 9 za Afrika, yetu ikiwemo, matokeo yakatoka 2010. Walipochambua nani alikuwa hatarini zaidi kufa, yalijitokeza mambo matano: asidi kuzidi kwenye damu, yurea kupanda, fahamu kupungua, degedege, na ugonjwa wa muda mrefu. Hesabu ya wadudu haimo!

Basi uliza hivi: Damu yake ngapi? Chini ya 5 ni dharura. Sukari ngapi? Chini ya 2.2 haisubiri asubuhi. Figo je? Chembe sahani je?

Na kama dozi imeisha, homa imefika siku ya saba, bandama imevimba, damu na chembe sahani zinashuka pamoja, muulize daktari kama kinga imepitiliza. Kipimo cha ferritini kinasaidia. 500 kwenda juu ni ishara mojawapo. Ila malaria yenyewe huipandisha, kwa hiyo namba moja isikutishe wala isikutulize.

Manesi wenzangu, na sisi tuache kusema "damu iko chini kidogo". Kidogo ni ngapi? Andika namba, mpe mama karatasi. Anatoka nayo Urambo mpaka hapa, njia ile ile ya misafara ya Ujiji. Akifika mikono mitupu tunaanza upya, na mtoto anasubiri.

Ila mtoto akishikwa degedege, akishindwa kunyonya au akihema kwa shida, usisubiri namba yoyote. Kimbia hospitali.

Mtumie na mama mwenzio.