Kesi ya Unyang'anyi Huanza Usiku Uleule

Wanafunzi wa sheria wanapojiandaa kwa mitihani yao, swali la unyang'anyi huwa na nafasi ya pekee. Sababu yake ni dhahiri. Kisa kimoja cha unyang'anyi hupima masomo matatu kwa pamoja: sheria ya jinai, inayouliza ni kosa gani limetendeka, sheria ya ushahidi, inayouliza ni nani aliyelitenda na twajuaje, na sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai, inayouliza kama mtuhumiwa alikamatwa, akahojiwa na kushtakiwa kwa njia iliyo halali.

Si nia yetu hapa kuwafundisha mawakili kazi yao. Nia yetu ni kusema jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa, nalo ni kwamba masomo hayo matatu hayawahusu wanafunzi wa sheria peke yao. Kesi nyingi za unyang'anyi hujengwa au kubomolewa na watu ambao hawajapata kufungua kitabu cha sheria: mama aliyeporwa, jirani aliyekimbilia yowe, mtendaji wa kijiji, mgambo, na askari wa zamu. Hakimu huja baadaye sana, wakati lililoharibika usiku ule haliwezi tena kutengenezwa.

Tuchukue mfano wa kubuni, kama vile visa vya mitihani vinavyobuniwa. Karani wa chama cha msingi cha ushirika amelala nyumbani kwake kijijini. Saa nane za usiku mlango unavunjwa. Wanaingia watu watatu, wawili wao wana mapanga. Wanamtisha karani na mkewe, wanachukua fedha na simu ya mkononi, kisha wanatokomea gizani. Majirani wanafika. Baada ya siku tatu mke wa karani anawaambia polisi kwamba mmoja wa watu wale ni kijana wa kitongoji cha pili, na kijana huyo anakutwa na simu.

Swali la kwanza ni la kosa lenyewe. Mtu wa kawaida atasema wameibiwa, na ndivyo tusemavyo sote. Lakini Kanuni ya Adhabu hutenganisha mambo. Wizi ni kuchukua mali ya mtu kwa nia mbaya. Wizi huo hugeuka kuwa unyang'anyi pale mwizi anapotumia nguvu, au kutishia kuzitumia, wakati wa kuiba au muda mfupi kabla au baada ya kuiba, ili aipate mali, aishike, au ashinde upinzani wa mwenyewe. Kwa hiyo kijana anayekwapua mkoba sokoni na kukimbia ameiba. Lakini akikaribia kukamatwa akageuka na kumtishia kisu anayemfukuza ili abaki na mkoba ule, amekwisha kuvuka mpaka. Na mwenye silaha ya hatari akiiba kwa vitisho, basi hilo ni kosa la unyang'anyi wa kutumia silaha, ambalo marekebisho ya mwaka 2004 yaliliwekea kifungu chake katika Kanuni ya Adhabu, kifungu ambacho mahakimu na wanasheria wamekifahamu kwa miaka mingi kwa nambari 287A.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Adhabu ya unyang'anyi wa kutumia silaha ni kifungo kisichopungua miaka 30. Kadhalika sheria imeliweka kosa hilo katika kundi la makosa yasiyo na dhamana, maana yake ni kwamba anayeshtakiwa hukaa mahabusu tangu siku ya mashtaka hata siku ya hukumu. Kijana wa miaka 22 akitiwa hatiani atatoka akiwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 50, pasipo punguzo la kifungo. Ikiwa ndiye, amevuna alichopanda. Ikiwa siye, taifa limemnyang'anya maisha yake, na mnyang'anyi mwenyewe yungali anatembea mitaani akitafuta mlango mwingine wa kuvunja.

Hapo ndipo linapoingia swali la pili, lililo gumu kuliko yote: je, ndiye? Kwa karani wetu, wizi umetendeka bila ubishi, mapanga yalikuwapo, vitisho vilikuwapo. Kilichobaki ni jina la mtu, na jina hilo limetoka katika macho ya mama mmoja, usiku, akiwa katika hofu ya kufa.

Mahakama za nchi hizi zimelionya jambo hili kwa muda mrefu. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilionya mwaka 1953, ikarudia mwaka 1967, juu ya hatari ya kumtia mtu hatiani kwa utambuzi wa shahidi mmoja katika mazingira magumu. Mwaka 1980, mwaka mmoja tu tangu kuundwa kwa Mahakama ya Rufani ya Tanzania, mahakama hiyo iliweka katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sheria huijua kwa moyo. Kanuni hiyo yasema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko mwingine, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka iwe imeondoa kila uwezekano wa kumkosea mtu. Kwa ajili hiyo mahakama huuliza: shahidi alimwona mtu huyo kwa muda gani? Alikuwa umbali gani? Ulikuwa mchana au usiku, na kama ni usiku, palikuwa na mwanga gani? Je, alimfahamu kabla ya siku hiyo?

Tazama basi udhaifu wa kesi ya karani. Mama anasema palikuwa na taa. Taa gani? Ya umeme, ya mafuta, au tochi iliyokuwa mikononi mwa wanyang'anyi wenyewe ikiwamulika wenye nyumba machoni? Ilikuwa wapi, na nguvu ya mwanga wake ilikuwa kiasi gani? Shahidi anayesema tu kwamba palikuwa na mwanga wa kutosha hajasema kitu. Tena si shahidi mwongo peke yake anayeogopewa. Shahidi mwaminifu aliyekosea ni wa hatari zaidi, maana yeye hutetea kosa lake kwa dhamiri safi, na husadikika.

Lipo na jambo la pili. Katika hukumu ya shauri la Marwa Wangiti Mwita dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba shahidi anayemtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo huupa ushahidi wake nguvu kubwa, na kwamba kuchelewa kumtaja bila maelezo kunapaswa kuitia mahakama mashaka. Majirani walipofika usiku ule wakamwuliza mama, “Ni nani?”, naye akajibu, “Ni majambazi,” kisha siku tatu baadaye akataja jina, wakili wa utetezi hana haja ya kufanya kazi kubwa. Atauliza swali moja tu: jina hilo lilikuwa wapi kwa siku tatu?

Ipo simu. Sheria yakubali kwamba mtu anayekutwa na mali iliyoibwa karibuni, asiyeweza kueleza aliipataje, aweza kuhesabiwa kuwa ndiye mwizi. Lakini hapana budi ithibitike kwamba mali imekutwa kwake kweli, kwamba ni ya mlalamikaji, kwamba iliibwa kwa mlalamikaji siku za karibuni, na kwamba ndiyo hiyo inayotajwa katika mashtaka. Simu za namna moja ni nyingi kama kunguru. Karani asipokuwa ameeleza alama za simu yake kabla haijapatikana, au kuonyesha stakabadhi na nambari yake ya utambulisho, atabaki akisema, “Hii ni yangu, naijua.” Na kijana naye atasema vivyo hivyo.

Swali la tatu ni la utaratibu. Je, askari waliopekua walitoa hati ya mali waliyoichukua, ikatiwa saini na mwenye nyumba na mashahidi? Je, mtuhumiwa alihojiwa ndani ya muda wa msingi wa saa nne uliowekwa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, au muda huo uliongezwa kwa njia halali? Je, alikiri kwa hiari yake, au alikiri baada ya kupigwa na umati? Je, hati ya mashtaka imesema ni nani aliyetishiwa? Kwa wengi haya huonekana madogo. Kumbe kila moja laweza kulitoa tofali katika ukuta wa kesi, na matofali yakitoka mengi ukuta huanguka.

Tunajua lipo lalamiko mitaani, nalo si la kudharauliwa. Wananchi husema: tumemkamata, tumemfikisha polisi, leo tunakutana naye sokoni akitucheka, sheria inawalinda majambazi. Uchungu huo ni wa haki. Lakini hitimisho lake si sahihi, na tunda lake tumeliona: watu kuchomwa moto na kupigwa mawe hadharani, na baadaye kugundulika kwamba aliyekufa hakuwa mwizi. Sheria humruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele yake, na humwagiza amfikishe polisi bila kukawia. Haikumpa ruhusa ya kuhukumu. Ibara ya 13 ya Katiba ya mwaka 1977 yakataza mtu kutendewa kama mwenye hatia kabla ya kuthibitika kuwa anayo, na ibara hiyo haikuandikwa kwa ajili ya majambazi. Imeandikwa kwa ajili ya kila mmoja wetu, ambaye kesho aweza kufanana na mtu mwingine gizani.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Lakini siku hizo zikitimia kwa mtu mwingine, mwizi hupewa nyingine arobaini.

Basi nini kifanyike? Kwanza, walimu wa sheria wasiridhike na mwanafunzi anayekariri majina ya kesi na mwaka wa kila moja. Wampe taa, umbali na dakika, kisha wamwulize kama yeye angemfunga mtu miaka 30 kwa ushahidi huo. Pili, walimu wa uraia katika shule zetu wawafundishe vijana namna ya kutoa taarifa ya uhalifu: kusema mara moja, kwa mtu wa kwanza afikaye, jina la uliyemtambua au sura, mavazi na sauti ya usiyemjua, na kusema bila aibu, “Sikumtambua,” ikiwa ndiyo kweli. Tatu, watendaji wa vijiji na kata waandike usiku uleule yale waliyoambiwa, kama yalivyosemwa, pasipo kuyapamba. Nne, askari anayepokea taarifa aandike maelezo ya mtuhumiwa na alama za mali kabla ya msako, maana maelezo yaliyoandikwa baada ya mtu kukamatwa hufanana na mtu huyo kupita kiasi.

Tangu mwaka 2021 sheria imekitangaza Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Hakuna tena kisingizio kwamba mambo haya ni ya wenye Kiingereza. Mtumishi wa umma na mwalimu wanao wajibu wa kuyasoma na kuyaeleza kwa lugha ambayo mama wa karani anaielewa. Tukifanya hivyo, wanyang'anyi wengi zaidi watafungwa, na wasio na hatia wachache zaidi watateseka. Mambo hayo mawili hayapingani. Ni kazi moja, na huanza kabla ya mapambazuko.