Msiutamani Mlango Mmoja Wenye Jina Kubwa

Ndugu zangu wa Karagwe na Kyerwa, tangu lami ya Kyaka ifike Bugene, kumezuka kiu mpya. Kayanga, Omurushaka, hata Nkwenda, utasikia kijana akisema mji haujawa mji mpaka upate supamaketi yenye matawi nchi nzima na mgahawa wa kuku wa kukaanga kama ilivyo Dar es Salaam.

Kiu hiyo ina sababu. Mteja anayepimiwa sukari kwa mzani uliochakachuliwa, akaomba risiti kama sadaka, lazima atamani bei iliyobandikwa ukutani. Wenye maduka, aibu hiyo ni yenu.

Lakini tukumbuke. Mwaka 1976, katika Operesheni Maduka, serikali ilitaka maduka ya watu binafsi vijijini yayapishe ya ujamaa. Wazee wanajua rafu zilivyobaki tupu. Na kampuni je? Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake nchini mwaka 2014 kwa Nakumatt ya Kenya, nayo Nakumatt ikaanguka muda si mrefu. Supamaketi ya Uchumi ilifunga matawi yake ya Tanzania mwaka 2015, ikawaacha walioipelekea bidhaa wakidai. Iwe serikali, iwe kampuni, mwenye duka akiwa mmoja, siku akiyumba mji mzima unalala na njaa.

Tena fikirini habari ya daftari la madeni. Fedha ya kahawa huja kwa msimu, ila sabuni, chumvi na daftari za watoto havingoji msimu. Mwenye duka wa mtaani anamjua mkulima, anajua shamba lake, humwandikia deni mpaka buni zikauke. Mashine ya supamaketi haimjui mtu. Sisemi wakopeshaji wote ni malaika. Wapo wanaokopesha kwa rehani ya kahawa ingali maua, ile butura tunayoilaani kila mwaka kisha tukairudia. Dawa yake ni mkopo wa haki wa chama cha msingi. Kumfukuza mwenye duka hakutaiponya.

Basi wafanyabiashara, amkeni! Wakulima waliungana katika chama chao kikuu cha ushirika, KDCU, wakauza kahawa pamoja. Ninyi mnashindwa nini kuchangia lori moja kutoka Mwanza, mkapunguza bei? Nanyi mama lishe, ndizi zenu kwa maharage zinamshinda kuku yule kwa mbali. Wekeni maji ya kunawa, funikeni vyombo, bandikeni bei.

Halmashauri zetu mbili nazo zisikimbilie kupiga picha na mwekezaji. Akija, akaribishwe, ila kabla hajapewa kiwanja karibu na stendi, ajibu kwa maandishi: ndizi, maharage na mayai atanunua kwa nani, na mkulima atalipwa baada ya siku ngapi. Akisema tisini, kiwanja apewe mwingine.