Mikoko ya Lamu na Riziki ya Mkataji

Tangu zama za kale boriti za mikoko ya Lamu zilipakiwa majahazini zikavushwa na upepo wa kusi kwenda kusakifia nyumba za Arabuni, na hata vyumba vya majumba ya mawe ya Lamu yenyewe havikupata upana ila kadiri ya urefu wa boriti. Basi Serikali ya Kenya ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari 2018, kwa hofu ya kukauka mito ya bara, amri hiyo ilimwangukia pia mkataji wa mikoko visiwani, ambaye hana dhambi yoyote kwa mito ya milimani.

Hatusemi mikoko ikatwe kiholela, hasha. Ndiyo ngome ya ufuo na malezi ya samaki na kamba, na amalizaye mikoko amemdhulumu mvuvi. Lakini mkataji stadi, aingiaye na dau maji yajaapo, akachagua mti wa boriti na kuuacha wa fito ukue, si hasimu wa msitu. Na si ajabu akinung'unika, kwani mikoko hiyo hiyo ilifyekwa kupisha bandari mpya ya Lamu.

Twaisihi Serikali, kabla ya kutoa marufuku nyingine, iwashauri wakataji wenyewe, igawe leseni kwa zamu za maeneo, na pale ambapo hapana budi kufunga msitu, iwakadirie kwanza masurufu ya kuwalisha watoto wao.