Habari za Shule: Karatasi Iliyolala Mkobani

Mwezi wa Julai umefika, likizo ya katikati ya mwaka imekwisha na watoto wamerudi darasani. Sare zimefuliwa na kupigwa pasi, viatu vilivyobana vimerithiwa na wadogo, na asubuhi nyumba zetu zimejaa tena zile kelele za kutafuta soksi moja iliyopotea. Tumshukuru Mungu kwa kelele hizo, maana ni dalili kwamba watoto wapo na ni wazima.

Muhula huu wa pili huwa mzito kuliko wa kwanza. Ndani yake mna mikutano, dawa na chanjo, mitihani, mahafali na uandikishaji wa wadogo. Kama ilivyo desturi ya ukurasa wetu, tutayapanga mambo hayo moja moja ili kila mama ajue lililo mbele yake. Lakini kabla hatujaanza kuhesabu miezi, liko jambo lililotupata sisi wenyewe, nasi tumeona si haki kulificha huku tukiwafundisha wengine.

Mwaka jana, siku ya Jumamosi, mmoja wetu alikuwa akifua mkoba wa binti yake aliyekuwa darasa la nne. Chini kabisa, pamoja na vipande vya kalamu na maganda ya karanga, alikuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa barua kutoka shuleni ya kuwaita wazazi mkutanoni. Tarehe yake ilikuwa imepita wiki saba. Katika mkutano huo wazazi waliofika walikubaliana kuchangia mahindi na maharage, ili watoto wanaobaki mchana kujiandaa na mitihani wapate chakula. Mwenzetu huyu hakuwapo, hakujua, na hakutoa kitu. Wiki zote hizo, wenzake walipopanga mstari na sahani zao, binti yake alikuwa akienda kukaa nyuma ya darasa na kusema hasikii njaa.

Alipoulizwa kwa nini hakuitoa ile barua, mtoto alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nilikusikia wewe na baba mkigombana usiku kwa ajili ya hela ya kodi. Nikaona nisiwaongezee."

Mtoto wa miaka kumi! Tuliposimuliwa maneno hayo hatukuweza kuendelea na kazi tuliyokuwa tumekutania. Kila mmoja wetu alikumbuka maneno aliyoyasema nyumbani kwake akidhani watoto wamelala. Mtoto huyu hakuwa mkaidi wala mzembe. Alikuwa akituhurumia sisi wakubwa, na huruma hiyo ikamshindisha na njaa.

Jumatatu mama alikwenda shuleni. Mwalimu wa darasa alimfungulia daftari. Kazi za asubuhi zilikuwa zimejaa na mwandiko ni mzuri. Kazi za mchana zilikuwa zimeishia katikati ya ukurasa. "Husinzia," alisema mwalimu. "Nilidhani nyumbani anachelewa kulala. Nilikuandikia." Barua hiyo nayo haikufika. Kuhusu mchango, kumbe wazazi wasio na uwezo walikuwa wameruhusiwa kuleta kuni, au kusaidia kupika kwa zamu. Asubuhi mbili tatu za kazi ya mikono zingetosha.

Oktoba upimaji ulifika, na alama za mtoto hazikutosha. Mwaka huu amerudia darasa la nne. Hajambo, anasoma, na mchana anakula pamoja na wenzake. Lakini rafiki zake wako darasa la tano, na kila asubuhi huwaona kwenye mstari mwingine. Mwaka huo hatuwezi kumrudishia. Tumeruhusiwa na mama yake kuyaandika haya, na ndiye aliyetuomba tusiyapunguze.

Mama wenzetu, mnamkumbuka Hana, mama yake Samweli. Alimpeleka mtoto wake Shilo, akamwacha mikononi mwa kuhani Eli. Maandiko yanatueleza kwamba kila mwaka, alipopanda na mumewe kwenda kutoa dhabihu, alimshonea mtoto kanzu ndogo na kumpelekea. Mara nyingi tunaisoma habari hiyo kwa haraka. Hebu tuitazame kwa macho ya mama anayejua kushona. Kanzu ya mwaka jana haimtoshi mtoto anayekua. Ilimpasa Hana ajue Samweli amefikia wapi, mabega yamepanuka kiasi gani, mikono imerefuka kiasi gani. Alikuwa amemtoa mtoto kwa Bwana, naye Eli ndiye aliyekuwa akimlea. Hata hivyo Hana hakuacha kumpima.

Nasi watoto wetu tumewaacha mikononi mwa walimu sehemu kubwa ya siku. Hilo ni jema. Lakini kupima ni kazi yetu bado. Basi tuitazame kalenda ya muhula huu kwa moyo huo.

Mkutano wa wazazi. Shule nyingi huuitisha mwanzoni mwa muhula. Usiseme ni mambo ya michango tu. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi katika shule za Serikali hutolewa bila ada, na ni neema kubwa kwa nyumba nyingi. Hata hivyo Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka 2016 ulieleza wazi kwamba mzazi anabaki na wajibu wake: sare, madaftari na kalamu, matibabu ya mtoto, na chakula kwa wanaosoma kutwa. Kwa hiyo habari ya chakula cha mchana huamuliwa na wazazi wenyewe, na asiyekuwapo huamuliwa na waliokuwapo. Nenda ukasikie, ukaulize. Je, maji yapo? Choo cha wasichana kina mlango? Mtoto wa mjane asiye na mahindi amepangiwa nini? Kumbuka pia kwamba katika kamati ya shule mwalimu mkuu ni katibu, na wazazi wana wajumbe wao. Kwa nini mama mwenye busara asichaguliwe? Tunajua kuongoza kwaya na vikundi vya maombi; kamati haitatushinda.

Dawa na chanjo. Zipo siku ambazo watoto hupewa shuleni dawa za kichocho na minyoo. Siku hiyo mtoto asitoke nyumbani na tumbo tupu. Dawa ya kichocho ikimezwa bila chakula yaweza kumletea kichefuchefu, kizunguzungu au maumivu ya tumbo, na hapo ndipo uvumi huanza mtaani kwamba watoto wamepewa sumu. Uji mzito na kiporo cha viazi vyatosha.

Aidha, wapo wasichana wetu na chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Saratani hiyo ndiyo inayoongoza kuwapata wanawake wa Tanzania, nasi tumewazika dada zetu kwa ajili yake. Husababishwa na kirusi, na chanjo hufanya kazi vizuri zaidi msichana akiipata kabla hajakutana na kirusi hicho. Ndiyo sababu hutolewa angali mdogo. Maana yake si kwamba ana tabia mbaya. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na Aprili 2024 ikafanyika kampeni ya kuwachanja wasichana wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja. Wako wanaosema inaziba uzazi. Si kweli. Mwenye binti ambaye hakupata aulize shuleni au kwenye kituo cha afya kilicho karibu naye, asingoje kampeni nyingine.

Mtihani wa darasa la saba, mwezi Septemba. Huchukua siku mbili. Maswali mengi hujibiwa kwa penseli kwenye fomu maalumu ambazo husomwa kwa mashine, kwa hiyo penseli nzuri na ufutio safi si anasa. Nunua mapema. Wiki hiyo mpunguzie mtoto kazi za jioni; mdogo wake aweza kuchota maji, na kaka pia ana mikono. Alale mapema. Asubuhi anywe chai kwa kitu cha kushibisha, kisha mwombee kwa maneno machache na umwache aende. Tusimwambie kwamba heshima ya ukoo mzima imo katika penseli yake. Mtoto mwenye hofu husahau hata anachokijua.

Upimaji wa darasa la nne, mwezi Oktoba. Wengi wetu huuona mdogo kwa sababu si wa mwisho. Mmekwisha kusikia yaliyotupata. Mtoto asiyefikia kiwango hurudia darasa. Tangu sasa mketishe mara mbili kwa wiki akusomee kwa sauti, hata kama unapepeta mchele. Huhitaji kuwa mwalimu ili utambue kwamba mtoto anakwama kila anapofika kwenye neno refu. Ukiona hivyo, mwone mwalimu sasa, usingoje Oktoba.

Mahafali. Hapa tuseme kwa upole lakini tuseme. Mahafali ni siku ya shukrani, na watoto wa darasa la saba wanastahili kufurahi. Lakini siku hizi furaha hiyo inageuzwa mashindano ya nguo mpya, keki ya ghorofa, muziki wa kukodi na gari lenye maua. Mwenye nacho aweza kumwandalia mwanawe karamu nyumbani kwake. Pale shuleni tukubaliane jambo ambalo mzazi wa chini kabisa analiweza, ili asipatikane mtoto wa kujifanya mgonjwa siku ya mahafali kwa kukosa nguo.

Mwaka 2027. Wenye watoto wa madarasa ya kati walifuatilie hili. Sera ya Elimu iliyofanyiwa mabadiliko mwaka 2023 imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na mtaala mpya ulianza Januari 2024. Walioingia darasa la tatu mwaka huo wamo katika mpango mpya. Waliokuwa darasa la nne wamo katika ule wa zamani. Kwa mpango huo, mwaka 2027 makundi hayo mawili, darasa la sita na darasa la saba, yamepangiwa kumaliza pamoja, na kuingia kidato cha kwanza pamoja mwaka unaofuata. Nyumba yenye watoto waliopishana mwaka mmoja yaweza kujikuta inanunua sare mbili, magodoro mawili na masanduku mawili kwa mkupuo. Anayeweza kuweka akiba kidogo kidogo kwenye kikundi aanze sasa.

Uandikishaji. Kuelekea mwisho wa mwaka shule huandikisha wa elimu ya awali, yaani wenye miaka 5, na wa darasa la kwanza, wenye miaka 6. Kitafute cheti cha kuzaliwa mapema. Kila mwaka tunaona akina mama wakikimbizana na karatasi hiyo Januari, huku mtoto ameketi mlangoni na begi jipya mgongoni.

Hayo ndiyo yaliyo mbele yetu. Sasa turudi kwenye ule mkoba.

Tangu siku ile sisi tumejiwekea desturi ndogo, nasi tunawagawia. Kila Ijumaa jioni, kabla ya chakula, mikoba yote hufunguliwa mezani au mkekani. Tunatoa madaftari, tunatoa karatasi, tunasoma. Ikitokea barua inayodai kitu tusichonacho, hatupigi kelele wala kuguna mbele ya mtoto. Twasema tu, "Umefanya vizuri kuileta." Uso wetu ndio unaomfundisha kama barua inayofuata ailete au aifiche.

Jambo la pili, na ndilo gumu zaidi, ni mazungumzo ya usiku. Hatusemi mke na mume wasijadili fedha. Fedha ni lazima zijadiliwe. Lakini kuta zetu ni nyembamba. Mwenzetu na mumewe wamekubaliana kuyazungumza mambo hayo Jumapili mchana, watoto wakiwa wametoka kucheza, na baba sasa hushika zamu yake ya kukagua mikoba. Aidha, walimketisha binti yao na kumwambia waziwazi, "Kodi ni kazi yetu. Yako ni kusoma na kutuambia ukiwa na njaa." Mama anasema mtoto alivuta pumzi kama mtu aliyetua ndoo ya maji.

Na kama wewe kweli huna, usione haya kumwona mwalimu. Mama mmoja ana maharage, mwingine ana mikono, mwingine ana sauti ya kusema mkutanoni kwa niaba ya asiyeweza kusema. Tukiwa na cha ziada, tuulize pia kuhusu mtoto wa jirani ambaye mama yake hakufika.

Tuombe. Baba wa mbinguni, tunawaweka watoto wetu mbele zako katika muhula huu. Wabariki walimu wao, uwape subira na afya. Tupe sisi wazazi macho ya kuona kile watoto wanachotuficha kwa kutupenda, na ulimi wenye upole wakituletea habari ngumu. Wenye mitihani uwape utulivu. Wenye njaa uwapatie chakula, na mikono yetu iwe miongoni mwa itakayopeleka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtuandikie na mtuambie mkutano wa shuleni kwenu uliamua nini juu ya chakula cha watoto. Mawazo mazuri tutawashirikisha wengine. Hadi mwezi ujao, Mungu azilinde nyumba zenu. Nanyi, ikiwa leo ni Ijumaa, kabla hamjaufunga ukurasa huu mwiteni mtoto na mkoba wake.